Barua kwa Mwanangu Aliyepanga Mouraria

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Unauliza kama usaini mkataba mpya wa fleti yako ya Mouraria, ilhali kampuni inakulipia sehemu kubwa ya kodi, na kuta za mtaani zimeandikwa maneno ya kuwataka wageni waondoke kwa kuwa wao ndio waliopandisha kodi za Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Umenieleza pia sheria ya 2012 iliyolegeza udhibiti wa kodi za mikataba ya zamani, na jinsi mji ulivyosimamisha mwaka 2018 vibali vipya vya nyumba za watalii mtaani kwako na Alfama. Hayo nimeyaelewa. Lakini kabla ya mkataba nataka kujua unaishije na watu wa ngazi yako, kwa sababu, kama nilivyokuwa nikikwambieni tangu wadogo, mtu hakai nyumba, hukaa mtaa.

Uchochoro wetu wa Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, unaukumbuka, ingawa wewe ulikuwa mdogo tulipohamia Mwanakwerekwe, nje ya Mji Mkongwe. Nyumba iliyotuelekea wenyewe waliiacha baada ya Mapinduzi ya 1964. Familia zikaingia na kutoka, paa likavuja, maji yakaozesha boriti mpaka ghorofa ya juu ikawa haikaliki. Wakaja mume na mke kutoka Ulaya wakaipanga kwa miaka mingi, nasi tukafurahi. Walimtafuta fundi mzee anayejua chokaa, wala hawakukubali saruji, ambayo hufungia unyevu ndani ya kuta za mawe ya matumbawe hadi zikaharibika. Nilimheshimu yule mama kwa hilo, na namheshimu hadi leo.

Kisha wakapanga vyungu vya maua juu ya baraza, mwanzo hadi mwisho. Babu yako alikuwa akikaa pale na wenzake kila siku baada ya Alasiri, bao likichezwa na kahawa ikipita, na muuza kahawa alijua kwamba asiyeonekana pale basi anaumwa. Siku hiyo alitoka msikitini, akafika, akavitazama vile vyungu, akaingia ndani kwetu na kuketi peke yake. Nilitaka kwenda kupiga hodi, akanikataza, akasema nyumba ni yao. Kwa neno hilo ninabishana naye hata sasa, Mungu amrehemu: nyumba ilikuwa yao, lakini baraza ilijengwa ikaelekezwa njiani kusudi wapitao wapate pa kukaa. Wale hawakuwa watu wabaya. Walisalimia, walichangia misiba. Ila hawakumuuliza hata mtu mmoja, na wazee wakatawanyika.

Najijibu mwenyewe kwamba wasingekuja, nyumba ile ingeanguka. Beit al-Ajaib yenyewe, jumba la kifalme, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na Mji Mkongwe kuwa katika Urithi wa Dunia tangu 2000 hakuzuii boriti kuoza. Fedha inahitajika, na mara nyingi huja na mgeni. Lakini mwenye nyumba wetu naye aliiona bei mpya inayolipwa upande wa pili wa uchochoro, akatuambia tuhame ili afanye nyumba ya wageni. Je, waliookoa kuta ndio waliotutoa? Nikisema ndiyo, nawaonea, maana aliyetuhamisha hakuwa yule mama wa maua. Nikisema hapana, nakiona kitanda cha bibi yako juu ya mkokoteni kikipelekwa Darajani, kwa kuwa gari haikuweza kuingia, na majirani wamesimama milangoni wasijue la kusema. Mtu hakai nyumba, hukaa mtaa, na bibi yako Mwanakwerekwe alipata nyumba tu.

Sikubali kwamba ugeni wenyewe ni kosa hapo ulipo. Mouraria ilianza kwa Waislamu waliowekwa nje ya ukuta baada ya Lisbon kutekwa mwaka 1147, na leo karibu na uwanja wa Martim Moniz kumejaa maduka ya Wabangladeshi, ndiko unakonunua nyama ya halali. Hata hivyo, mgeni aliyefungua duka na mgeni anayelipiwa na kampuni hawapimwi kwa kipimo kimoja. Wa kwanza anatafuta chumba kwa uwezo uleule wa jirani yake. Wa pili anampita jirani huyo kwa bei bila hata kumwona.

Ndiyo maana barua yako imenikosesha raha. Umenitajia bei, sheria na maandishi ya ukutani, lakini hukumtaja jirani hata mmoja. Jibu ninalo, baba yako anajua jinsi linavyonisumbua ulimini, na ninalizuia kwa shida kwa kuwa wewe ni mtu mzima na mkataba ni wako. Shuka kwanza ghorofa ya chini ujue nani anakaa huko, mkataba wake unaisha lini, na nani aliyekaa katika fleti yako kabla yako na amekwenda wapi. Kisha niandikie, nami safari hiyo sitanyamaza.

Wako akupendaye,
Mama