Kitambaa kisichofumwa: nguvu yake inatoka wapi, na mnyumbuko wake unatoka wapi

Swali. Ndugu Mhariri, mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, nimekuwa nikishona mifuko mbadala kwa kile kitambaa chepesi kisichofumwa ambacho huuzwa kwa jora. Nikikivuta kwa nguvu kinarefuka, kisha kinabaki hivyo hivyo. Lakini yale masikio ya ubavuni ya nepi za watoto, ambayo kwa macho ni kitambaa cha aina hiyo hiyo, yanavutika na kurejea kama lastiki. Je, hivi ni vitambaa viwili tofauti, au ni kimoja kilichoongezewa kitu? Na inakuwaje kitu kinachovutika kiasi kile kisichanike? — *Fundi cherehani, Morogoro*

Jibu. Ndugu fundi, swali lako linagusa jambo ambalo wahandisi wa viwanda vya nguo wamelihangaikia kwa miongo mingi, kwa sababu nguvu na mnyumbuko ni sifa mbili ambazo kwa kawaida hazitoki mahali pamoja. Kinachoipa nyuzi nguvu ndicho kinachoinyima uwezo wa kurejea.

Tuanze na mfuko unaoushona. Kitambaa chake hutengenezwa kwa polipropilini, plastiki ile ile ya viti na ya viroba vya unga, ambayo ilitengenezwa katika hali yake imara mwaka 1954 na mkemia Giulio Natta wa Italia, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963 pamoja na Karl Ziegler wa Ujerumani. Tofauti ni kwamba kiroba hufumwa kwa mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, ilhali kitambaa chako hakikupita kwenye mtambo wa kufuma hata kidogo. Chembe za plastiki huyeyushwa kwenye joto linalozidi nyuzi 200 za Selsiasi, uji wake mzito hukamuliwa kupitia bamba la chuma lenye maelfu ya matundu madogo, na michirizi inayotoka hupozwa kwa hewa huku ikivutwa kwa kasi kubwa hadi kila uzi uwe na unene wa takriban maikroni 20, mwembamba kuliko unywele wa binadamu. Nyuzi hizo huanguka ovyo juu ya mkanda wa wavu unaotembea, zikatanda kama utando, na utando huo ukapitishwa katikati ya rola mbili za chuma zenye joto, moja ikiwa laini na nyingine ikiwa na vinundu. Njia hii huitwa spanbondi.

Chukua mfuko mmoja uuinue mbele ya dirisha. Utaona vidoa vidogo vilivyopangwa kwa mistari, vingine vya mviringo, vingine vya umbo la almasi. Hapo ndipo vinundu vya rola vilipobana nyuzi na kuziyeyusha zikashikana. Nje ya vidoa hivyo nyuzi ziko huru, hazijagandamana. Kwa kawaida sehemu iliyogandishwa haizidi sana moja ya tano ya eneo lote, na uchache huo ni wa makusudi: ukiyeyusha eneo zima unapata karatasi ya plastiki iliyo ngumu na inayovunjika kwa kukunjwa, badala ya kitambaa.

Nguvu ya uzi mmoja mmoja huja pale unapovutwa ungali moto. Molekuli za polipropilini ni minyororo mirefu, na mvuto ule huilaza minyororo hiyo kuelekea upande mmoja, ikajipanga na kugandamana kama fuwele. Uzi ukishajipanga hivyo hauna tena nafasi ya kunyumbuka. Ukiuvuta sana, minyororo huteleza na kushikana upya mahali papya, na haina sababu ya kurudi ilikotoka. Isitoshe, nyuzi zilizokuwa zimepinda kati ya kidoa na kidoa hunyooka na kubaki zimenyooka. Ndiyo maana kitambaa chako hurefuka moja kwa moja.

Ili kitu kirejee, kinahitaji molekuli za tabia nyingine. Plastiki za kundi la elastoma zina minyororo yenye sehemu laini zilizojikunja, zinazokunjuka zikivutwa, na sehemu ngumu zilizokusanyika kama mafundo, ambazo huzuia minyororo isiteleze. Mvuto ukiisha, sehemu laini hujikunja tena. Uzi wa spandeksi uliomo kwenye nguo za michezo na soksi, uliobuniwa na Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont huko Marekani mwaka 1958, hufanya kazi kwa kanuni hii, na unaweza kuvutwa mara kadhaa ya urefu wake bila kukatika. Kwa vitambaa visivyofumwa hutumika jamaa zake: poliyurethani inayoyeyushwa, polima zenye vipande vya stairini, na aina za propilini iliyochanganywa na ethilini ambazo minyororo yake haijipangi sana.

Pengine utauliza kwa nini basi kitambaa kizima kisitengenezwe kwa elastoma. Kinatengenezwa, ila kina kasoro zake. Nyuzi za elastoma pekee hunata mkononi kama mpira, hushikana zenyewe kwa zenyewe jora likikaa limeviringishwa, na zikilinganishwa na polipropilini ni dhaifu. Tiba moja ni kukamua uzi wenye sehemu mbili, yaani kiini cha elastoma na ganda jembamba la poliethilini. Ganda hulainisha mguso na ndilo linaloyeyuka kwenye vidoa ili kuunganisha nyuzi, na kiini hufanya kazi ya kurejea. Kitambaa hicho kikivutwa mara ya kwanza, ganda hurefuka moja kwa moja. Kiini kikirudi, ganda hujikunja kwa vikunyanzi vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona, na kuanzia hapo kitambaa huvutika kwa wepesi zaidi.

Lakini masikio ya nepi unayoyataja, mara nyingi, ni tabaka kadhaa. Kuna utando wa elastoma katikati, na pande zote mbili kuna spanbondi ya kawaida, ya jamii ile ile unayoshonea mifuko, ila nyepesi zaidi. Namna ya kuziunganisha ndiyo siri yenyewe, na njia mojawapo unaifanya wewe kila siku bila kuiita uhandisi. Unaposhona sketi ya lastiki kiunoni, huivuta lastiki kwanza, ukaishonea juu ya kitambaa ikiwa imevutika, kisha ukiiachia kitambaa hujikusanya marinda. Kiwandani hufanyika vivyo hivyo: utando wa elastoma huvutwa, spanbondi hubandikwa juu yake kwa joto au kwa gundi, kisha vyote huachiwa. Kampuni ya Kimberly-Clark ya Marekani ilipata hataza, yaani haki za kisheria za ubunifu, za njia kama hizi katika miaka ya 1980 na 1990, wakati nepi za kutupa zilipokuwa zikitafuta namna ya kumkaa mtoto vizuri bila kumbana.

Njia ya pili mimi naiona ya werevu zaidi. Spanbondi huvutwa kwa urefu wa jora ikiwa imepashwa joto, na kwa kuvutwa huko upana wake hupungua, kwa kuwa nyuzi zinageuka kuelekea upande wa mvuto. Ikiwa katika hali hiyo ya kusinyaa, hubandikwa kwenye utando wa elastoma ambao haukuvutwa. Sasa kitambaa chote kinaweza kuvutika kwa upana, spanbondi ikirudi tu kwenye upana iliokuwa nao zamani, na elastoma ikivuta kila kitu nyuma mvuto unapoisha. Njia ya tatu hutumia rola zenye meno yanayoingiliana, ambazo huzivuta tabaka katika vipande vyembamba vyembamba hadi spanbondi ilegee na elastoma ibaki nzima.

Hapo ndipo lilipo jibu la sehemu ya mwisho ya swali lako, kwamba kwa nini hakichaniki. Mwanzoni mwa mvuto ni elastoma pekee inayobeba mzigo, na spanbondi inafuata tu kwa kukunjua vikunyanzi vyake. Vikunyanzi vikiisha, nyuzi za spanbondi zinanyooka zote kwa pamoja na kuchukua mzigo zenyewe. Utaihisi kwa vidole: sikio la nepi huvutika kwa ulaini, kisha ghafla linakuwa gumu. Kule kukaza ndiko kikomo kilichowekwa na mtengenezaji, na hulinda elastoma isifike mahali pa kukatika. Kila tabaka limepewa kazi linayoiweza.

Kitambaa kikichanika, chunguza mahali kilipochanikia. Mara nyingi ni kwenye ukingo wa kidoa. Rola zikiwa na joto pungufu, nyuzi hazishikani na kitambaa hutoa manyoya. Joto likizidi, uzi unaoingia kwenye kidoa hupoteza mpangilio wa minyororo yake pale pale mlangoni na kuwa dhaifu kuliko sehemu nyingine zote. Kati ya makosa hayo mawili kuna nafasi ya nyuzi joto chache tu, na fundi wa mtambo hupimwa kwa kuilinda nafasi hiyo zamu nzima.

Swali. Sisi ni kikundi cha wanawake jijini Mwanza, tunajiandaa kutengeneza nepi za watu wazima kwa ajili ya wagonjwa wanaouguzwa nyumbani. Muuzaji ametuletea sampuli tatu za kitambaa kinachovutika cha kutengenezea mikanda ya kiunoni. Zote zimeandikwa GSM moja, lakini bei zimepishana mno. Tutajuaje ipi inafaa? — *Kikundi cha wajasiriamali, Mwanza*

Jibu. GSM ni uzito wa gramu kwa mita moja ya mraba, basi. Wafanyabiashara wengi wameizoea kwa sababu mamlaka hapa Tanzania ziliitumia kuweka kiwango cha chini cha gramu 70 kwa mifuko mbadala, na kwa mfuko ni kipimo cha maana, maana kitambaa cha aina moja kikiwa kizito zaidi hubeba zaidi. Kwa kitambaa kinachovutika haiwaelezi jambo mnalolihitaji zaidi. Vitambaa viwili vya uzito mmoja vinaweza kuwa, kimoja na elastoma nyingi na spanbondi kidogo, kingine kinyume chake, na bei hupandishwa hasa na elastoma.

Fanyeni kipimo wenyewe. Kateni kipande chenye upana wa sentimita 5, mweke alama mbili zilizoachana sentimita 10, mkivute hadi alama ziachane sentimita 20, mkishikilie kwa dakika moja, kisha mkiachie kilale juu ya meza kwa dakika nyingine. Pimeni tena umbali kati ya alama. Ikiwa ni sentimita 10 na nusu, kitambaa kimebaki kirefu zaidi kwa asilimia 5 tu ya urefu wake wa asili, na hicho ni kizuri. Ikiwa ni 12 au zaidi, mkanda huo utalegea mgonjwa akigeuka mara chache kitandani. Rudieni kwa kipande hicho hicho, kwa kuwa mvuto wa kwanza hulegeza kitambaa na wa pili ndio unaoonyesha tabia yake halisi. Pimeni pia vipande vilivyokatwa kwa urefu wa jora na vilivyokatwa kwa upana, kwani vitambaa vingi vya namna hii huvutika upande mmoja tu. Mkikata mkanda kwa upande usio wake mtakuwa mmelipia elastoma ambayo haitafanya kazi.

Kuna kipimo kingine ambacho wauzaji hawakipendi. Kivuteni kipande, mkibane kikiwa kimevutika kwenye ubao, mkiache usiku kucha mahali penye joto la mwili wa binadamu, mkiachie asubuhi na kupima. Mgonjwa huvaa nepi kwa saa nyingi, tena ikiwa na joto, na elastoma duni huchoka taratibu katika hali hiyo hata kama ilifaulu kipimo cha dakika moja. Kwa mgonjwa asiyeweza kujisemea, mkanda uliolegea unamaanisha kulala kwenye unyevu na kupata vidonda, kwa hiyo nawasihi msikiruke kipimo hiki kwa sababu ya haraka ya soko.

Muulizeni muuzaji pia kitambaa kilitunzwaje. Jora lililoviringishwa kwa mkazo na kukaa kwa miezi chini ya bati lenye joto hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kurejea kabla hamjalifungua.

Swali. Barakoa za kutupa na mifuko ya kitambaa kisichofumwa inaweza kufuliwa na kupigwa pasi? Na kwa nini mfuko niliouanika uani kwa muda mrefu umegeuka unga? — *Msomaji, Mombasa*

Jibu. Pasi, hapana. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 160, na pasi iliyowekwa kwenye alama ya pamba hupita hapo. Mfuko unaweza kufuliwa kwa mkono kwa maji ya vuguvugu. Barakoa ya kitabibu haifai kufuliwa, kwa sababu tabaka lake la kati limetengenezwa kwa nyuzi nyembamba zaidi, za maikroni chache tu, zilizotiwa chaji ya umeme tuli ili zinase vijichembe, na sabuni huiondoa chaji hiyo ingawa kwa macho barakoa inabaki ile ile.

Mfuko uligeuka unga kwa sababu ya jua. Mionzi ya urujuanimno huikata minyororo ya polipropilini vipande vipande, na uzi mwembamba huathirika haraka kuliko kiti kinene cha plastiki hiyo hiyo, isipokuwa kama mtengenezaji alitia dawa ya kukinga jua. Tafadhali usidhani kwamba umeoza. Unga ule ni plastiki bado, na mvua huupeleka mtaroni na mwishowe baharini. Mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ilitangaza katazo la mifuko hii pia mwaka 2019, baada ya katazo la mifuko ya plastiki la mwaka 2017. Vitambaa vinavyovutika ni vigumu zaidi kurejelezwa, kwa kuwa elastoma na polipropilini zikishabandikwa pamoja haziachani kwa urahisi, na mtambo wa kurejeleza plastiki huhitaji aina moja moja. Mfuko ulio nao sasa uweke kivulini, uutumie hadi uchakae, kisha uupeleke kwa wanaokusanya plastiki ungali mzima.