Kwa wanaoanza kushughulikia vibali vya wastaafu wa kigeni hapa Arusha

Wadogo zangu, majalada mnayoniletea siku hizi yana makosa yale yale tuliyoyakuta kwa waliowatangulia. Bidii yenu naiona na ninaithamini sana, ila mnaikimbilia fomu kabla hamjaujua mfuko wa mteja, na mzee wa watu ndiye anayekuja kuumia.

Kwanza, viza si ukaazi. Mmarekani akilipa dola 100 hupata viza ya miezi 12 ya kuingia na kutoka, lakini kila aingiapo haruhusiwi kukaa zaidi ya miezi mitatu. Msimwambie kwamba ana mwaka mzima, kisha mkawa mnampeleka mpakani Namanga kugongewa mihuri. Anayetaka kuishi huku aombewe kibali cha ukaazi Daraja C, na aelezwe mapema kwamba kibali cha mstaafu si cha kufanyia kazi, hata iwe kumsaidia rafiki yake kusimamia nyumba ya wageni. Akiwa na nia ya kujitolea kufundisha shuleni, aseme sasa, kwa maana sababu ya ukaazi hubadilika na jalada nalo hubadilika.

Pili ni pensheni, na hapa naomba mnivumilie. Juzi niliwekewa mezani bajeti ya mama mmoja wa Kiingereza anayetaka kuhamia Moshi. Jedwali lilipangwa vizuri: kodi ya nyumba mtaa wa Shanty Town, mshahara wa dada wa kazi, umeme wa luku, bima, na kwenye safu ya mapato, pensheni yake ya serikali ilikuwa imepandishwa kila mwaka mpaka mwaka wa kumi. Safu ile yote haikuwa na ukweli. Uingereza huongeza pensheni kila Aprili kwa wanaoishi kwao na katika baadhi ya nchi, na Tanzania haimo; anayehamia huku hubaki na kiwango alichokuja nacho. Aliyeanza kulipwa pensheni kamili ya mfumo mpya mwaka 2016 akiishi hapa alianza na pauni 155.65 kwa wiki, na ndizo anazopokea hadi leo, ilhali mwenzake aliyebaki kwao alikuwa amefikia pauni 230.25 katika mwaka wa fedha 2025/26. Pengo hilo ni karibu pauni 3,900 kwa mwaka. Akirudi kuishi kwao atalipwa kiwango kipya, ila malimbikizo hapati, na wengi wakati huo wameshauza nyumba walizoziacha. Kwa hiyo andikeni pensheni isiyosogea mbele ya matumizi yanayopanda, na kama fedha zinaishia mwaka wa saba, mteja aambiwe leo, hata kama ataghairi safari nasi tukakosa ada.

Tatu, kodi ya mapato. Akifikisha siku 183 ndani ya mwaka anahesabiwa mkazi kikodi. Miaka miwili ya kwanza ya ukaazi huo hutozwa kwa mapato ya hapa nchini tu, na baada ya hapo mapato ya nje nayo huingia kwenye hesabu. Mpelekeni kwa mshauri wa kodi kabla ya miaka hiyo kwisha.

Nne, mkataba wa pango uandikwe kwa shilingi, kwa kuwa kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini. Kiwanja cha Usa River kilichoandikwa jina la rafiki mwenyeji, mkatalieni mteja kwa upole lakini bila kusitasita: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi ila kwa uwekezaji, na rafiki akifariki, warithi wake hawamjui huyo mzungu.

Tano, bima ya afya. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, hailipi matibabu ya hospitali ya KCMC kule Moshi.

Halafu kuna hati ya kuthibitisha uhai, ambayo Wajerumani hutumiwa kila mwaka na isiporudishwa malipo husimama. Hakikisheni sanduku la posta la mteja linakaguliwa mara kwa mara, na tarehe ya hati hiyo iandikwe kwenye jalada kando ya tarehe ya kuisha kwa kibali.