Bawa la juu limepanda mno, na nyaya zinalegea

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu hapa Kigoma. Natengeneza mfano wa Short 827, ile ndege ya maboya ya kutua majini, yenye bawa la juu na la chini, ambayo Wabelgiji waliitumia kudondosha mabomu hapa kwetu mwaka 1916. Skeli yangu ni 1/72, yaani mfano ni mdogo mara 72 kuliko ndege halisi. Sina boksi la vipande wala ramani. Nilicho nacho ni picha moja ya ubavuni na vipimo vitatu vya kitabuni: bawa la juu mita 16.43 ncha hadi ncha, urefu mita 10.74, kimo mita 4.11. Vingine nimepima kwenye picha kwa rula. Bodi ya ndege kwenye picha ina milimita 134 na nguzo ya nje, ile inayoshikilia bawa la juu juu ya la chini, milimita 27. Nimeshagandisha kwa supagluu, na sasa mfano una kimo cha milimita 61 badala ya 57. Nimekosea wapi? Pili, nyaya nimeweka uzi wa kushonea. Nikiukaza, bawa la juu linapinda. Nikiulegeza, unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo.

JIBU: Marahaba mwalimu. Umechagua ndege ngumu, na nimefurahi. Mimi siku zote nachonga mifano ya maghorofa kwa ajili ya wasanifu, na ghorofa halina nyaya.

Hesabu yako nimeirudia. Mita 10.74 ukigawa kwa milimita 134, kila milimita ya picha ni milimita 80 za ndege halisi. Nguzo ya 27 inakuwa milimita 2,160, gawa kwa 72, unapata 30. Hujakosea kuzidisha wala kugawa. Ulipokosea ni kuiamini rula moja kwa vitu viwili ambavyo havikuwa umbali mmoja na kamera.

Bodi iko katikati ya ndege. Nguzo ya nje iko mbele yake, upande wa mpiga picha. Tuseme alisimama mita 22 kutoka kwenye bodi, na nguzo imemsogelea mita 3. Basi kwa nguzo yeye yuko mita 19 tu. Gawa 22 kwa 19, unapata 1.16. Nguzo imeonekana ndefu kwa asilimia 16 kuliko inavyostahili. Sasa gawa ile 30 yako kwa 1.16: inabaki karibu 26. Hizo ndizo milimita zako nne.

Mita 22 nimezikisia ili uone ukubwa wa kosa, kwa hiyo usiende kukata nguzo za 26 kwa kuniamini mimi. Tazama picha tena, utafute pacha wa nguzo hiyo upande wa pili wa bodi. Ile iko mbali zaidi, kwa hiyo imeonekana fupi. Pima zote mbili, chukua wastani, ndipo uzidishe kwa 80 na ugawe kwa 72. Kwa umbali niliokisia, kosa litashuka hadi kama asilimia 2, yaani nusu milimita kwenye mfano wako. Kama pacha huyo amefichwa na bodi, tumia nguzo zilizo karibu na bodi yenyewe, kwa sababu hizo hazijasogea sana kwenye kamera. Kisha rudi kwenye kimo cha kitabuni. Ukipata 57, endelea. Usipopata, kuna kipimo kingine kimekudanganya, na mimi ningeanza kuyashuku maboya.

Tuje kwenye nyaya. Uzi wa kushonea una unene wa kama milimita 0.2. Zidisha kwa 72: milimita 14. Hiyo ni kamba ya kufungia jahazi! Waya wa milimita 5 kwenye ndege halisi unatakiwa uwe 0.07 kwenye mfano wako, karibu sawa na unywele. Hata mshipi mwembamba wa kuvulia, ule wa 0.1, tayari umezidi kidogo, ila jicho linausamehe.

Kuhusu kupinda: kwenye ndege yenyewe nyaya huenda kwa jozi zinazopingana. Zipo zinazozuia mabawa yasikunjwe kwenda juu ndege ikiwa hewani, na zipo zinazoyabeba yasianguke ikiwa imetua. Moja ikivuta huku, mwenzake anavuta kule. Wewe unafunga mmoja mmoja, kwa hiyo wa kwanza hana wa kumpinga. Na hii Short ina bawa la juu refu kuliko la chini, ncha zake zimetokeza nje bila kitu chini yake. Plastiki nyembamba haiwezi kuhimili hapo.

Kwa hiyo usikaze kitu. Tafuta mota ndogo iliyokufa, ya toi au ya simu, uifungue. Ndani kuna waya wa shaba mwembamba ajabu. Kata kipande cha sentimita 20, shika ncha mbili kwa koleo, vuta polepole mpaka uhisi umekubali, yaani umerefuka kidogo. Ukiuachia, umenyooka kama mshale. Upake rangi ya kijivu iliyokolea, upime nafasi kwa bikari, kata, uweke kwa kibanio na tone la gundi nyeupe ya mbao kila ncha. Hauvuti chochote, umekaa tu mahali pake. Ukipinda, ng'oa, weka mwingine. Gundi nyeupe huachia kwa maji. Kwenye mabawa utakayotengeneza siku nyingine, laza waya wa chuma kati ya karatasi mbili za plastiki kabla ya kuzigandisha, ili bawa lisipinde.

Umegusia historia, nami siwezi kupita kimya. Ndege nne za aina hii Waingereza waliwakopesha Wabelgiji, zikaletwa zimefunguliwa vipande vipande kupitia mto Kongo, zikaunganishwa Mtoa, jirani na Kalemie ya leo. Windo lao lilikuwa Graf von Götzen, meli ya Wajerumani ambayo sasa mnaiita Liemba. Ukitaka kuziweka meza moja kwa skeli hiyo hiyo, ndege yako itakuwa na mabawa ya milimita 228, na meli itataka karibu mita nzima. Pima kabati kwanza.

Na zile nguzo ulizokwisha kugandisha, usizivunje kwa nguvu. Supagluu ikipata baridi kali hukakamaa na kuwa kama kioo. Funga mfano kwenye mfuko wa plastiki, uweke kwenye friza saa mbili au tatu, ukitoka tu, zungusha nguzo kidogo kwa kibanio, nayo itakatika penye gundi. Waambie wa nyumbani kabla hawajaurushia mfuko wa migebuka juu yake.