Maswali ya Wasomaji: Dereva wa Treni Anaondoka na Kiasi Gani Mwisho wa Mwezi?

SWALI: Mhariri, salaam. Kijana wangu amemaliza kidato cha sita na moyo wake wote uko kwenye Chuo cha Reli hapa Tabora, kwa kuwa anataka kuendesha treni. Baba yake mdogo anamhakikishia kuwa madereva wa treni wanalipwa vizuri kuliko walimu, jirani yetu mstaafu wa reli anasema ni kazi ya kuchosha isiyoacha kitu, na kijana mwenyewe amesoma kwenye simu kwamba dereva wa Uingereza anapata mamilioni. Naomba nielezwe: dereva wa treni analipwa nini, na kitu gani kinayafanya malipo yake yawe makubwa au madogo? — Mama mzazi, Isevya, Tabora.

JIBU: Mama, hao watatu hawapingani kama wanavyoonekana. Shemeji yako anazungumzia mwezi ambao dereva amesafiri sana, mstaafu anazungumzia pensheni, na kijana anazungumzia nchi nyingine kabisa. Malipo ya dereva wa treni yana sehemu kadhaa, na anayekutajia tarakimu moja huwa ameziacha nyingine nje. Nianze na sehemu isiyoyumba.

Sehemu hiyo ni mshahara wa msingi. Reli ya Kati iko chini ya Shirika la Reli Tanzania, ambalo ni mali ya serikali, na kwa hiyo mshahara unafuata ngazi, yaani cheti alichoingia nacho mtu, cheo alichofikia na miaka aliyokaa kazini. Dereva anayepeleka treni ya abiria Kigoma na mwenzake wa ngazi ileile anayepanga na kupangua mabehewa hapahapa Tabora wana mshahara wa msingi mmoja, hata kama huyu anarudi kwake kila jioni na yule analala ugenini. Nafasi zinapotangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ngazi ya mshahara hutajwa kwenye tangazo, na hiyo ndiyo karatasi ya kusomwa kabla ya kusikiliza habari za kijiweni.

Mshahara huo wa msingi haufiki nyumbani ukiwa mzima. Tuchukue mfano wa shilingi 900,000 kwa mwezi, tarakimu niliyoichagua kwa wepesi wa hesabu na ambayo si ya ngazi ya shirika lolote. Mtumishi wa umma aliye katika mfuko wa pensheni wa PSSSF anakatwa asilimia 5, yaani 45,000, naye mwajiri anamchangia asilimia 15. Zinabaki 855,000 za kutozwa kodi. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu, kisha kiwango kinapanda kwa hatua za asilimia 8, 20, 25 na 30 kadiri kipato kinavyokua, na kwa 855,000 kodi inafika 91,750. Bima ya afya ya asilimia 3 inachukua 27,000. Mkononi zinabaki 736,250. Ikiwa kijana alisomeshwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kuna asilimia 15 nyingine ya kurejesha, ambayo ni 135,000, na hapo anaondoka na 601,250. Ada ya chama cha wafanyakazi sijaihesabu, wala mikopo ya benki na ya saccos, ambayo nionavyo inawamaliza watumishi wengi kuliko hata kodi.

Kufikia hapo dereva wa treni hajatofautiana na karani yeyote wa ngazi yake. Wanaachana kwenye saa za kazi, ambazo ndizo sehemu ya pili ya malipo. Kutoka Tabora hadi Kigoma, kwa kupitia Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza, ni zaidi ya kilomita 400 za njia moja, ambayo treni inayokwenda na inayorudi zinaitumia hiyohiyo na kupishana kwenye stesheni tu. Ikichelewa moja, ya pili nayo inasubiri. Dereva aliyepangiwa kufika alfajiri anaweza kuingia Kigoma jua limeshapanda, na saa zote hizo ni za kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki na zisizozidi 9 kwa siku. Kila saa ya ziada inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida, na saa hizo za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Saa ya sikukuu ya taifa inalipwa mara mbili. Saa ya usiku, ambayo kisheria inaanza saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, inaongezewa asilimia 5. Turudi kwenye mfano wetu: mshahara wa 900,000 ukigawanywa kwa saa za mwezi, ambazo ni kama 195, saa moja inakuwa na thamani ya shilingi 4,615 hivi. Saa ya ziada, basi, ni 6,923, na dereva aliyefanya saa 20 za ziada anaongeza 138,000 na ushee, ambazo robo yake inachukuliwa na kodi. Nyongeza ya usiku ni jambo jingine. Dereva aliyekesha saa kumi zote, macho kwenye taa za ishara na mkono kwenye breki, anapata kwa kukesha huko nyongeza isiyopungua shilingi 2,300, ambayo ni nauli ya bodaboda na chai. Hicho ni kiwango cha chini tu, na mwajiri hakatazwi kulipa zaidi, lakini anayemwambia kijana wako kwamba kazi ya usiku inatajirisha amemdanganya.

Kiwango hicho cha chini kinaweza kupandishwa kwa mkataba wa hali bora za kazi, ambao chama cha wafanyakazi kinakaa mezani na mwajiri kuujadili. Kwa wafanyakazi wa reli nchini chama kinachofahamika ni TRAWU. Ninashangaa kila mara ninapokutana na mtu wa reli ambaye anaijua injini yake kwa kila boliti lakini hajawahi kuusoma mkataba unaompa mshahara.

Sehemu ya tatu ni posho za safari. Dereva akilala mbali na kituo chake anapewa fedha ya kula na kulala, na hii ndiyo inayowafanya majirani waone kwamba ana fedha, maana inakuja mkononi na kutumika palepale. Anashuka Kigoma, ananunua dagaa na dumu la mawese, anarudi Tabora na mzigo, na mtaa mzima unajua amerudi. Mimi siihesabu posho hiyo kuwa kipato. Ni gharama ya kuishi nje ya nyumba, na anayejibana ili abaki nayo anajibana kwenye chakula na usingizi wake, katika kazi ambayo usingizi ni usalama wa abiria.

Mambo yanayoziongeza na kuzipunguza sehemu hizi mbili za mwisho ni mengi, na baadhi hayamo mikononi mwa dereva wala mwajiri. Mvua ni mojawapo. Sehemu ya reli kati ya Kilosa na Gulwe imesombwa na mafuriko mara kadhaa, na yale ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliifunga njia kwa muda mrefu. Njia ikifungwa, mshahara wa msingi unaendelea, lakini safari zinakatika, na saa za ziada na posho zinakatika nazo. Uhaba wa vichwa vya treni unaleta matokeo yaleyale kimyakimya: dereva yupo, amepangiwa zamu, kichwa kiko karakana. Afya nayo ni sharti la kazi. Dereva anapimwa macho na masikio, pamoja na uwezo wa kutofautisha rangi za taa, na akishindwa kipimo anaweza kuhamishiwa kazi ya chini ambako hakuna safari. Anabaki mwajiriwa, lakini sehemu nzuri ya kipato chake imekwenda.

Hapo ndipo jirani yenu mstaafu anapopata hoja. Michango ya mfuko inakatwa kwenye mshahara, na posho hazimo. Mtu aliyezoea kuishi kwa mshahara pamoja na safari anastaafu kwa hesabu ya mshahara peke yake, na pengo hilo linaonekana mwezi wa kwanza tu.

Ama kuhusu Uingereza, kijana hakusoma uongo. Mwaka 2024, baada ya mgogoro wa miaka miwili na migomo mingi, chama cha madereva cha ASLEF kilikubali nyongeza iliyoupandisha wastani wa mshahara wao kutoka pauni 60,000 kwa mwaka kukaribia 69,000. Sababu si kwamba treni zao ni nzito kuliko zetu. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1880 na madereva karibu wote ni wanachama. Zaidi ya hayo, reli ilipogawiwa kwa kampuni binafsi katika miaka ya 1990, kampuni nyingi ziliona ni rahisi kumchukua dereva aliyekwisha kufundishwa na mwingine, zikawa zinashindana kwa mshahara. Hapa kwetu dereva ana waajiri wachache mno wa kumgombania. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina reli ya upana tofauti na hii inayopita Tabora, na mtu hahami huku na huko bila kujifunza upya njia na mitambo.

India inatufaa zaidi kwa mfano. Msaidizi wa dereva anaanzia mshahara wa msingi wa rupia 19,900 kwa mwezi, ambao si mkubwa, lakini analipwa posho kwa kilomita alizosafiri, na sehemu ya posho hiyo inatambuliwa kama mshahara inapofika hesabu ya kustaafu. Huo ni utaratibu ambao ningependa wajumbe wetu wanaokaa mezani na mwajiri wautazame.

Kama kijana bado anaitaka kazi hii baada ya kusoma hesabu hizi, aende kwanza Hospitali ya Kitete akapimwe macho na rangi kabla hamjalipa ada ya chuo.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mume wangu ni msaidizi wa dereva wa treni. Mwezi mmoja analeta fedha nzuri, mwezi unaofuata analeta pungufu kwa laki moja au zaidi, na nikimuuliza anasema ni mambo ya reli. Je, ninadanganywa? — Mke, Gungu, Kigoma.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kupanda na kushuka kwa kiasi hicho kunawezekana bila hila yoyote, kama hesabu za saa za ziada hapo juu zinavyoonyesha. Kuna jambo jingine pia: saa za ziada zinaandikwa, zinapelekwa kwa msimamizi, zinahakikiwa, ndipo zinaingia kwenye malipo, na mara nyingi kazi ya mwezi huu inalipwa mwezi ujao. Kwa hiyo mwezi aliokuwa safarini mfululizo unaweza kuwa ndio mwezi wenye fedha kidogo, na mwezi aliokaa nyumbani ukawa na nyingi, jambo ambalo kwa mke aliye nyumbani linaleta mashaka ya bure.

Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya malipo na makato yake. Mwombe mwenzako mkae na hati tatu za mshahara za miezi iliyofuatana, bila ugomvi, na mtazame mstari wa saa za ziada. Ikiwa mstari huo ndio unaoyumba, ni mambo ya reli kweli. Ikiwa unaoyumba ni mstari wa mikopo, hayo ni mazungumzo mengine. Pangeni kodi ya nyumba, ada na chakula kwa mshahara wa msingi peke yake.

SWALI: Reli ya kisasa ikifika huku kwetu, madereva wake watalipwa zaidi kuliko wa reli ya zamani? — Msomaji, Urambo.

JIBU: Ujuzi unaotakiwa ni mwingine. Treni za umeme zilizoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma katikati ya 2024 zinafika kilomita 160 kwa saa, na mkataba wa kujenga kipande cha Tabora hadi Kigoma, chenye kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Ujuzi adimu kwa kawaida unavuta mshahara wa msingi juu.

Upande wa saa mambo yanageuka. Treni inayokimbia na kufika kwa wakati inampunguzia dereva saa za ziada, na kwa anayelipwa kwa saa hilo ni pato lililopungua. Marekani walilikuta jambo hili mapema kwa sura nyingine: kwa miongo mingi siku ya kazi ya dereva wa treni ya mizigo ilihesabiwa kuwa maili 100, na treni zilipoongeza mwendo, mtu aliweza kumaliza siku yake ndani ya saa chache akalipwa siku nzima, hadi kampuni zikadai kipimo kipandishwe na baadaye kikafika maili 130. Kwa hiyo, ndugu msomaji, tangazo la kazi ya reli ya kisasa likitoka, usiishie kwenye ngazi ya mshahara. Uliza kama safari zinahesabiwa kwa saa au kwa kilomita, na kama posho hiyo inaingia kwenye michango ya pensheni.