Ulikaribishwa au uligawiwa? Duka, shamba na zahanati katika kijiji cha wahamiaji

Swali

Shikamoo mtaalamu. Nina duka la rejareja kwenye senta ya kijiji chetu huku Katavi, mke wangu ndiye anayekaa dukani. Tulihamia mwaka 2009 tukitokea Meatu. Mzee mmoja mwenyeji alinionyesha pori la ekari nne nyuma ya senta, nikalifyeka, nami nikampelekea ndama. Mwaka 2014 mwenyekiti wa kijiji akanipa kiwanja cha duka kando ya barabara, hatua 15 kwa 20. Karatasi yake yenye mhuri ninayo, na leseni ya biashara nakata kila mwaka. Sasa mkutano umepitisha tujenge zahanati, na eneo lililochaguliwa linameza kiwanja chote pamoja na ekari moja ya shamba. Mtendaji anasema ardhi ya kijiji haina fidia kwa sababu zahanati ni yetu sote. Hapohapo watoto wa yule mzee, ambaye ameshafariki, wanadai shamba ni la baba yao. Msingi unaanza kuchimbwa baada ya mavuno. Nishike lipi?

Jibu

Marahaba. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana ndani yake kuna madai mawili yaliyofungwa kamba moja. Duka lina historia yake na shamba lina yake. Ukiyapeleka pamoja utapoteza yote mawili, kwa hiyo tuyafungue.

Tuanze na duka. Unategemea karatasi ya mwenyekiti na leseni. Leseni iweke kando kwanza: inakuruhusu kufanya biashara, haisemi neno lolote kuhusu ardhi unayofanyia. Karatasi nayo, peke yake, ni nyepesi kuliko unavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inasema katika kifungu cha 8 kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia kwanza. Mkutano mkuu ndio ninyi wote, kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Mwenyekiti akiwa nyumbani kwake na mhuri wake hagawi kitu. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mwaka 2014 kulikuwa na mkutano uliopitisha viwanja vya senta? Na muhtasari wake uko wapi?

Niliwahi kupima viwanja katika kijiji kimoja cha wahamiaji ambako mwenyekiti wa zamani alikuwa ameandika karatasi mbili kwa kiwanja kimoja. Zote zilikuwa na mhuri uleule na mwandiko uleule. Tulibishana tangu asubuhi hadi mtendaji akaleta sanduku la bati, na ndani yake kauntabuku iliyotafunwa na panya pembeni. Tukakuta ajenda ya ugawaji wa viwanja, majina 17, sahihi na alama za dole gumba kwa wino wa bluu uliofifia. Jina la bibi mmoja lilikuwa limeandikwa vibaya, na mpinzani wake akalishikia bango hilo kosa. Bibi hakujua kusoma. Aliinama, akaiangalia alama, akanyoosha kidole chake: kilikuwa na kovu la panga lililokigawa katikati, na kovu hilohilo lilikuwa kwenye karatasi kama mstari mweupe. Kiwanja kilikuwa chake. Mwenzake alikuwa na karatasi nzuri zaidi, ila kwenye mkutano hakuwamo.

Basi andika barua leo kwa mtendaji ukiomba nakala ya muhtasari huo. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Kama kitabu kimepotea, tafuta wenzako waliogawiwa siku ileile na wajumbe wa halmashauri wa wakati ule, waandike maelezo yao wakiwa bado wanakumbuka. Ukithibitisha ugawaji, haki yako si ya huruma. Kifungu cha 18 kinaipa haki miliki ya kimila hadhi sawa na ile ya hati zinazotolewa mijini, hata kama hati yenyewe ya kimila hujaipata.

Shamba ni kazi ngumu zaidi, na hapa nakuomba ujiulize kwa ukweli: ulikaribishwa, uliuziwa, au uligawiwa?

Vijiji vya Katavi, Rukwa na bonde la Kilombero vimejaa watu waliofika na ng'ombe na jembe wakapokelewa na mzee mwenyeji. Wengi wamesikia kwamba ukikaa miaka 12 ardhi inakuwa yako. Miaka hiyo 12 ipo kweli: ndiyo muda wa kufungua shauri la kudai ardhi, na kamati ya uhakiki ya kijiji humtambua aliyekaa kwa amani na kwa uwazi muda huo bila kukatizwa. Lakini mahakama zetu zimeshikilia tangu zamani kwamba mwalikwa hawi mwenye shamba, hata akae miaka mingapi. Ukiingia kwa ruhusa ya mwenye mali, unaendelea kuhesabiwa kuwa mgeni wake. Watoto wa mzee, au mtu anayewashauri, wanalijua hilo.

Sasa, je, lile pori lilikuwa lake? Hapo ndipo pa kukaza macho. Mzee mwenyeji anaweza kukuonyesha pori kwa sababu ni mkubwa wa mahali, kama mtu anayemwelekeza mgeni kisima, na pori lenyewe likawa ardhi ya kijiji isiyo na mtu. Kama ndivyo, watoto wake hawana cha kurithi, na wewe uliyefyeka una msingi wa kuomba kijiji kikutambue. Inaweza pia kuwa lilikuwa shamba lake alilolilaza akapanga kulirudia. Ardhi yenyewe husema. Tembea hizo ekari nne uangalie kama kuna miembe mikubwa kuliko umri wako pale, makaburi, mafiga au kichuguu cha nyumba iliyobomoka, mstari wa minyaa uliozeeka. Vikiwapo, kuna mtu aliishi au alilima kabla yako. Visipokuwapo, waambie wanaodai wakuonyeshe alama ya baba yao.

Kisha yule ndama. Alipelekwa kabla hujaanza kufyeka au baada ya mavuno ya kwanza? Nani alikuwapo, na mzee alitamka nini? Ndama aliyepatanwa mbele ya mashahidi ni bei. Ndama aliyepelekwa baadaye kwa moyo wako ni ahsante. Na kama kila mavuno ulimpelekea debe la mahindi, usilifiche, kwa sababu majirani watalisema barazani, na mtu anayepeleka debe kila mwaka anaonekana mgeni. Kwa upande mwingine, kama ulipanda miembe au michungwa na mzee akapita kila siku akiiona bila kukukataza, litaje mapema. Kwa kawaida mgeni haruhusiwi kupanda miti ya kudumu, na kila mkulima anajua sababu yake.

Kuna jambo la tatu ambalo hukuuliza, nami silipiti. Nenda ofisi ya ardhi ya wilaya uulize kama kijiji chenu kina cheti cha ardhi ya kijiji na kama mipaka yake haigongani na msitu wa hifadhi au pori la akiba. Mikoa yenu ina migongano hiyo mingi. Mwaka 2019 Rais Magufuli alisitisha kuondolewa kwa vijiji vilivyodaiwa kuwa ndani ya hifadhi, ikawa nafuu kubwa, lakini kuachwa mkae si sawa na kupewa hati. Eneo likiwa bado hifadhi kwenye ramani, hati ya kimila haitoki.

Sasa zahanati. Ninaitaka ijengwe. Nimeona wajawazito wakibebwa kwa pikipiki usiku kwenye njia za mchanga, sihitaji kushawishiwa. Lakini kauli ya kwamba ardhi ya kijiji haina fidia si kweli, na inaumiza vijiji vingi. Halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba yenu. Sheria inaigawa ardhi hiyo mafungu matatu: ya matumizi ya pamoja, inayokaliwa na mtu au familia, na ya akiba kwa ugawaji wa baadaye. Zahanati inatafutiwa kwanza fungu la kwanza au la tatu. Uliza mkutanoni, kwa sauti ya kawaida, eneo la huduma liko wapi katika mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, kama mnao. Mara nyingi huwa lipo, ila liko mbali na senta na watu wanataka jengo lionekane barabarani.

Eneo lako likilazimu kutumika, njia ni makubaliano nawe, au utwaaji kwa maslahi ya umma, ambao ni mamlaka ya Rais, si ya kijiji. Kwa vyovyote vile stahili ni fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Sheria inataja thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, na upotevu wa faida au wa makazi. Kwa mwenye duka, hiyo faida ndiyo kubwa: kanuni za 2001 zinachukua faida halisi ya mwezi na kuizidisha mara 36, kwa ushahidi wa hesabu zilizokaguliwa. Hapa wafanyabiashara wa senta wengi huumia, maana hesabu wanazo kichwani. Kuanzia leo andika mauzo na manunuzi ya kila siku, kusanya risiti za jumla na makadirio ya kodi, na utafute mhasibu wa kukagua. Jengo, mazao na miti uliyopanda kwa mkono wako viandikwe kwa jina lako kwenye safu zake, hata kama fungu la ardhi ya shamba bado lina mgogoro na wale watoto.

Kijiji kitakuambia hakina fedha, na huenda ni kweli. Kanuni hizohizo zinaruhusu fidia itolewe kwa ardhi mbadala yenye ubora na ukubwa unaolingana. Mimi ningeelekea huko. Omba kiwanja kingine cha biashara kwenye senta, pamoja na ekari moja ya kufidia shamba, na makubaliano yapitishwe na mkutano mkuu na kuandikwa kabla jembe la kwanza la msingi halijashuka. Wakikuletea fomu ya kuridhia kutoa eneo, usiweke sahihi mpaka kiwanja mbadala kimetajwa humohumo. Ukishatoa kwa hiari bila sharti, umetoa. Na waeleze viongozi bila kuwatisha kwamba zahanati iliyojengwa kwenye ardhi yenye mgogoro inaweza kusimama kwenye lenta miaka mingi.

Kabla hujakubali kiwanja kipya, pima kutoka katikati ya barabara. Ikiwa ni barabara kuu au ya mkoa, hifadhi yake ni mita 30 kila upande tangu kanuni zilizofuata Sheria ya Barabara ya 2007. Zamani ilikuwa mita 22.5. Ndiyo maana kwenye kuta za senta nyingi unaona X nyekundu na X ya kijani: nyekundu ni kwa waliojenga ndani ya hifadhi ya zamani na hawalipwi, kijani ni kwa waliokutwa na lile ongezeko. Usihamishwe na zahanati ukaangukia kwenye X.

Na kipimo kiwe cha kweli. Hatua 15 za mwenyekiti mrefu si hatua 15 za mjumbe mfupi. Simu au kifaa cha mkononi cha setilaiti hukosea mita tatu hadi tano hata pakiwa wazi. Kwenye shamba la ekari nne hilo linavumilika, kwenye kiwanja cha duka unaweza kujikuta umemeza nusu ya fremu ya jirani. Senta ipimwe kwa tepu kutoka alama zisizohama, au kwa vifaa vya mpima wa halmashauri ya wilaya, na pembe ziwekwe bikoni.

Kuhusu mahali pa kupeleka mashauri, usichanganye milango. Mgogoro na watoto wa mzee uanzie Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe saba wakiwamo wanawake wasiopungua watatu, kisha Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa ndani ya siku 30 unachukua cheti chake na kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini shauri dhidi ya halmashauri ya kijiji ni habari nyingine: tangu 2020 linadai notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na linakwenda Mahakama Kuu. Watu wamefunguliwa milango isiyo yao, wakashinda, kisha hukumu ikafutwa kwa kukosa mamlaka. Kwa hilo mwone wakili, au anza na msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa wilayani kwenu. Na hesabu siku vizuri: notisi ya siku 90 na msimu wa mavuno havisubiriani.

Kuna wakati nimeona mambo haya yakimalizwa na mtu kumpelekea mwenzake mwaliko wa chai. Watoto wa mzee wamefiwa, na baba yao alikupokea ukiwa huna pa kulala. Nenda kwao na mzee mmoja wa Kisukuma na mmoja wa wenyeji, useme unaheshimu mkono uliokupokea, kisha muulizane mipaka. Mkipatana kwamba ekari tatu ni zako na ile moja ya zahanati mgawane ardhi mbadala yake, andikeni, mashahidi waweke sahihi, mpelekee halmashauri iridhie. Huo ni uamuzi wenu, mimi siwapangii viwango.

Mkishafika kwenye hati za kimila, ziandikwe kwa jina lako na la mkeo, maana kauntala ni yake kama ilivyo yako. Siku ya kupima muwepo wote wawili. Na kabla ya kutia sahihi, msome majina herufi kwa herufi.