Kipimajoto kilipanda kweli, lakini kilipima nini?

Umeuliza kama kidani cha "nishati ya uponyaji" kinafanya kazi, kwa kuwa muuzaji alimpima mama yako kiganja kwa kipimajoto cha bunduki na joto likapanda baada ya kukishika. Mimi ni fundi friji, kifaa hicho nakitumia kila siku, na shangazi yangu naye aliuziwa kidani kama hicho.

Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ya infraredi, yaani miale ya joto isiyoonekana kwa macho, ngozi yako ikiwemo. Lenzi ya kipimajoto huikusanya, sensa ndani inapata joto kidogo na kutoa umeme mdogo sana, nao hugeuzwa kuwa nyuzi. Doa jekundu la leza ni la kulengea tu. Kinachosomwa ni joto la juu ya ngozi. Ini hakilioni, wala damu.

Tena hudanganyika. Chemsha maji kwenye sufuria ya alumini inayong'aa, uipime ubavuni: inaweza kusoma nyuzi 40 na maji yanatokota! Bandika hapo kipande cha tepu nyeusi ya umeme, subiri kidogo, pima juu ya tepu: inakaribia 100. Alumini ya kung'aa hutoa mionzi michache na kuakisi ya vitu vya jirani.

Kwa shangazi, kiganja kilisoma 31.8. Akafumbata kidani dakika kumi: 33.5. Tukangoja kiganja kipoe, nikampa kizibo cha soda huku amefumba macho, dakika kumi tena: 33.6. Ukifumba ngumi joto halipati pa kutokea, basi. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona yule kijana hakunipimia na kizibo?"

Swali hilo ndilo lenyewe. Mwaka 1998 Marekani, jarida la chama cha madaktari lilichapisha jaribio la mtoto Emily Rosa: waganga 21 waliodai kuhisi "nishati" ya mtu kwa mikono yao walipitisha mikono chini ya kizuizi, wakaulizwa mkono wa mtoto uko juu ya upi. Walipatia asilimia 44. Kubahatisha tu kungewapa 50.

Fedha aliyolipa shangazi hainiumi sana. Kinachoniuma ni kwamba alishaacha vidonge vya presha wiki tatu, kwa sababu kidani "kilikuwa kinapandisha" joto. Muulize mama yako leo hii kama anameza dawa zake, na kama ameacha, mpeleke akapimwe kesho asubuhi.