P6 si Biblia nzima

Ndugu, umeuliza kama P6, yaani hati namba 6 katika orodha ya mafunjo ya Agano Jipya, ni Biblia nzima. Hapana, si Biblia nzima. Ni vipande vya kitabu cha mafunjo (karatasi za kale zilizotengenezwa kwa matete) kutoka Misri, na viko Strasbourg, Ufaransa. Kigiriki kilichobaki ni aya chache tu za Yohana 10 na 11. Injili hiyohiyo imo pia kwa Kikopti (lugha ya kale ya Wakristo wa Misri), lahaja ya Akhmim, pamoja na Waraka wa Yakobo na, kinachonivutia zaidi, Waraka wa Kwanza wa Klementi, barua ya Wakristo wa kale ambayo haimo kabisa katika Agano Jipya letu! Katika orodha rasmi ya mafunjo ya Agano Jipya, inayotunzwa Münster, Ujerumani, kitabu hiki kimewekwa karne ya 4. Ila hayo ni makadirio kwa kuangalia mwandiko. Hakina tarehe iliyoandikwa.